Je, Wajua? Mfungaji Hatari Ambaye Hakuwepo

Kwenye mchezo wa kompyuta wa Championship Manager, toleo la msimu wa 2001/02, kocha mwenye uchu wa kukomba makombe yote alijua pa kuanzia: Gouveia, klabu ndogo ya Ureno, kwa mshambuliaji Tó Madeira. Ukishamsajili, wapinzani wamekwisha. Mechi yenyewe huioni. Yanapita maandishi tu, sentensi moja baada ya nyingine, kisha ghafla goli, na jina ni lilelile.

Tatizo ni kwamba Tó Madeira huyo hakuwepo duniani. Mmoja wa wakusanyaji wa takwimu za wachezaji alimchomeka humo kimyakimya. Watengenezaji walipostuka wakamfuta kwenye masahihisho ya programu, jambo ambalo kwangu ni uonevu kwa waliokuwa katikati ya ligi.

Tonton Zola Moukoko naye alitamba humo, ila yeye ni mtu wa kweli, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Sweden. Kwenye kompyuta alikuwa kiungo asiyekabika. Derby County ya Uingereza, iliyokuwa na mkataba naye, haikumchezesha hata mechi moja ya kikosi cha kwanza.

Usidhani klabu kubwa zilicheka tu. Mwaka 2008, mchezo ukiwa umeshaitwa Football Manager, Everton ilisaini makubaliano ya kutumia hifadhi ya takwimu ya mchezo huo kusaka wachezaji. Madeira alikuwa ameshaondolewa zamani.