MOYO UNAOCHOKA NA NJIA ZAKE ZA UMEME

Mara nyingi mama anafika kliniki na kusema: «Roho inanipiga, na nikilala chali pumzi inakatika.» Watu wa nyumbani wanasema amelogwa. Hapana. Tuzungumze juu ya moyo, ile pampu ya nyama inayosukuma damu.

Nani anauamuru moyo kupiga? Mungu aliweka ndani yake, juu upande wa kuume, kisehemu kidogo kinachotoa umeme, mara 60 mpaka 100 kila dakika kwa mtu mzima aliyetulia. Umeme huo unashuka katika njia nyembamba kama nyuzi. Munganga Sunao Tawara, mtu wa Japani, alionyesha katika mwaka 1906 namna njia hizo zinavyoungana. Kule chini zinagawanyika, moja kwa kuume, moja kwa kushoto.

Njia ya kushoto ikikatika, umeme unapita katika nyama polepole, kama mtu aliyeacha barabara na kupita porini. Upande wa kuume unapiga, wa kushoto unachelewa. Muko na kwaya kanisani: nusu wakitangulia na nusu wakifuata nyuma, wimbo unaharibika. Vivyo hivyo damu haisukumwi vizuri. Moyo unapanuka na kuchoka, maji yanabaki miguuni na ndani ya mapafu.

Kuna mashine ndogo yenye batri inayoamsha moyo. Mtu wa kwanza kuwekewa ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson wa Uswedi, mwaka 1958. Bibi yake Else-Marie ndiye aliyewasumbua wanganga mpaka wakakubali, na bwana wake aliishi hadi mwaka 2001! Lakini kwa kawaida uzi wa mashine uliwekwa katika nyama ya kuume, na umeme ukapita tena porini. Kwa wengine, baada ya miaka, moyo ulilegea. Ndiyo maana wanganga walianza kutia nyuzi mbili, moja kila upande.

Sasa wametafuta barabara yenyewe. Mwaka 2017 Munganga Huang Weijian na wenzake kule Wenzhou, China, walieleza namna ya kupitisha uzi katika ukuta wa katikati ya moyo mpaka kwenye njia ya kushoto. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 1,778. Kwa njia hii mpya, karibu 21 katika kila 100 walikufa au walilazwa juu ya moyo kuchoka. Kwa nyuzi mbili, 28. Ni habari njema, lakini wagonjwa hao hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo haitoshi kumaliza maneno.

Tena si dawa ya kila moyo. Inafaa tu kama karatasi ya umeme wa moyo inaonyesha njia imekatika. Moyo unaochoka juu ya uzazi, tangu mwezi wa mwisho wa mimba mpaka miezi mitano baada ya kuzaa, unatibiwa kwanza kwa dawa, na mama wengi wanapata nguvu tena. Kwa hiyo hatukimbilii mashine.

Ukizaa, na kisha miguu inavimba zaidi, unakohoa usiku, unazimia, au huwezi kulala bila kuinua kichwa, usingoje siku ya kupima mtoto. Ukuje hata usiku, na mtoto umulete pamoja, kwa maana ananyonya.