Nyumba ya Msonge ya Kisukuma katika Picha za Kale

Usukuma na Usinza, nchi ambazo leo zimo katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza, Simiyu na Geita, hazikuwa na majumba ya mawe kama ya Kilwa au Zanzibar. Nyumba ya msonge ilisimama kwa miti, udongo na nyasi, vitu vinavyoliwa na mchwa, mvua na moto. Anayetaka kuujua ufundi wa wajenzi wa karne ya 19 hana gofu la kwenda kulitazama. Amebakiwa na masimulizi ya wazee, maandishi ya wasafiri na picha.

Msafiri Henry Morton Stanley alifika Kageye, kusini mwa Ziwa Victoria, Februari 1875, akiwa na kamera katika mizigo yake. Wakati huo haikuwa rahisi kuchapa picha yenyewe kitabuni. Mchongaji wa Ulaya aliinakili kwenye ubao, naye hakuwa ameona paa la nyasi la Usukuma likiezekwa. Kwa hiyo mchoro wa namna hiyo hautoshi kuwa ushahidi wa vipimo. Mwaka 1899, kitabu cha ofisa Mjerumani Paul Kollmann kuhusu nchi za kandokando ya ziwa, Usinza na Usukuma zikiwamo, kilitoka London kikiwa na picha nyingi.

Jambo la kwanza la kutazama katika picha ya msonge ni paa. Limechongoka juu ili maji yateremke upesi, na upenu wake unashuka chini sana kuukinga ukuta wa udongo usilowe. Mtu aliyesimama mlangoni humsaidia msomaji kukadiria kimo cha nyumba. Kisha mtazamaji aondoe macho kwenye nyumba yenyewe na kutazama kandokando yake: uko wapi ua wa minyaa, zizi liko upande gani, mlango umeelekea wapi? Uzuri wa ujenzi huu umo katika mpangilio wa mji mzima wa familia, si katika paa peke yake.

Kamera za zamani zilihitaji mwanga mwingi, na ndani ya msonge ni giza. Ndiyo maana ukuta wa ndani, mahali pa ndama, jiko na vilindo vya gome vya kuhifadhia nafaka havionekani sana katika picha hizo. Hasara hiyo ni kubwa, kwa kuwa nusu ya akili ya mjenzi ilikuwa humo. Tena mpiga picha alivutiwa zaidi na ikulu ya mtemi kuliko nyumba ya mkulima, na jina la fundi halikuandikwa.

Bati na matofali vilikuja kidogo kidogo. Operesheni Vijiji ya 1974, kampeni ya serikali ya kuwakusanya watu vijijini, ilihamisha kaya nyingi za Usukuma kwa muda mfupi, na mpangilio wa zamani wa miji ya familia iliyotawanyika ukavurugika. Hapo picha za kabla ya mwaka huo zikapata thamani mpya.

Makumbusho ya Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na padri David Clement, yana nyumba za jadi zilizojengwa upya. Humo mgeni anaweza kuingia na kuona kile ambacho kamera ilikiacha gizani. Nyaraka za Stanley, pamoja na picha zake, zimehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji. Nakala za picha hizo zinastahili kufika Shinyanga na Magu wakati wazee wanaojua jina la kila mti wa paa wangali hai.