Majina ya Mahali katika Counter-Strike

Katika Counter-Strike, mchezo wa kompyuta, hupambana vikosi viwili vya watu watano watano. Mchezaji akimwona adui na kusema, "Yuko kushoto kwangu!", wenzake hawafaidiki, kwani kila mmoja ameelekea kwake. Kushoto hugeuka pamoja na msemaji, mahali hapageuki. Ndiyo sababu sehemu za Dust II, ramani iliyotolewa mwaka 2001, zina majina mafupi yenye maana kama "Shimo", "Njia Ndefu" na "Milango ya Kati".

Kuyakariri kwa orodha hakufai sana. Heri mwanafunzi atembee katika ramani tupu, akitaja kila jina afikapo mahali penyewe. Vitani atataja idadi, kisha mahali: "Wawili, Shimoni!" Auawaye harudi mpaka duru ifuatayo, akisitasita kutafuta jina, wanne waliobaki hushambuliwa wasipotazamia.