Kijana asiyekuwa tena na kwao

Ndugu zetu mapadri, wafratri na wakatekista, mara nyingine mtoto anabisha mlango wa parokia usiku, wazazi wamemfukuza. Huku Congo tunawajua wale wanaoitwa walozi. Katiba ya mwaka 2006 inakataza kuwashitaki hivyo na kuwatupa. Lakini mwingine anafukuzwa kwa kuwa hajihesabu mwanaume wala mwanamke. Huyu naye tumpokee namna gani?

Tumtazame Ali Forney wa New York. Alitoka kwao na miaka 13. Akahamishwa nyumba kwa nyumba za walezi, akapigwa, mwisho akalala barabarani. (Wazungu wanasumbuka kumsema kama mume ao kama mke, kwetu "yeye" inatosha.) Katika nyumba moja ya vijana wakamkubali jinsi alivyo. Hapo Ali akaanza kuwasaidia wenzake, akawasukuma polisi wachunguze mauaji ya rafiki zake. Naye mwenyewe akauawa kwa risasi, Desemba 1997, na miaka 22. Carl Siciliano, aliyemjua pale, mtu aliyeishi zamani katika monasteri ya Wabenedikto, akafungua mwaka 2002 makao yenye jina la Ali: vitanda 6 chini ya kanisa.

Vitanda 6 tu! Basi, kwanza chakula na mahali pa kulala, maswali yangoje. Kisha tumtafute shangazi ao mjomba anayempenda, twende naye kwa wazazi. Tusimrudishe mtoto kabla baba hajasema mbele ya wazee kwamba hatampiga.