Kiswahili Usikiache Mlangoni

Mwaka 1983 msichana mzaliwa wa Kambove, Kongo, Cécile Kyenge, alifika Italia kusoma. Alisomea udaktari Roma, akawa bingwa wa macho, na Aprili 2013 akaapishwa kuwa waziri, mtu mweusi wa kwanza kushika cheo hicho nchini humo. Tukimtaja tunataja cheo. Mimi huwaza zaidi kwamba alisomea mwili wa binadamu kwa Kiitaliano, lugha isiyosikika Kambove.

Anayetoka Lubumbashi leo kwenda Italia anakuta ngazi za ujuzi wa lugha zimeandikwa wazi. Kozi za chuo kikuu zinazofundishwa kwa Kiitaliano hudai B2. Uraia, tangu Desemba 2018, hudai B1, na kibali cha ukaazi wa muda mrefu A2. Chini kabisa ni A1, darasa la asiyejua hata neno. Katika shule za serikali za watu wazima, ziitwazo CPIA, ngazi hiyo imepangiwa saa 100.

Tunaingia darasa hilo tukitegemea Kifaransa, kwa sababu ndicho tulichofundishiwa shuleni. Kinasaidia kweli: aliyezoea *manger* haoni taabu na *mangiare*. Lakini kinadanganya pia. *Guardare* si kutunza kama *garder*, ni kutazama. *Salire* si kuchafua kama *salir*, ni kupanda.

Kiswahili tunakiacha mlangoni kana kwamba ni lugha ya sokoni tu, na hapo ndipo tunapojinyima. Kifaransa humeza miisho ya maneno. Kiitaliano huitamka yote, na karibu kila neno huishia kwa irabu. *Domani* hukazwa pale pale tunapokaza *Lubumbashi*, silabi ya pili kutoka mwisho, ingawa yapo maneno yanayokataa, kama *telefono*. Mfaransa hawezi kuacha *je* wala *nous*. Mwitaliano husema *parlo*, *parliamo*, kama sisi tunavyosema "nasema", "tunasema": mtu yumo ndani ya kitenzi, ila wao wamemweka nyuma na sisi mbele. Hata *libro nuovo* kugeuka *libri nuovi* kusimtishe aliyekua akisema kitabu kipya, vitabu vipya, au "bitabu" kama tunavyosema Katuba, Lubumbashi. Upatanisho tuliunyonya na maziwa. Na herufi *h*, isiyotamkwa katika *ho* na *hanno*, wengi wetu tulishaiacha zamani katika "abari".

Ugumu wetu uko kwingine, nao mwalimu asiyetujua haoni unatoka wapi. Wa kwanza ni konsonanti mbili. *Sete* ni kiu, *sette* ni saba. Ulimi lazima utulie kidogo kwenye *t*, na Kiswahili hakikutuzoesha hivyo.

Wa pili ni *l* na *r*, ambazo kwetu hubadilishana bila mtu kujali: mmoja analala, mwingine anarara, wote wanaelewana. Kwa Kiitaliano *lana* ni sufu na *rana* ni chura. *Mare* ni bahari, *male* ni vibaya. Mgonjwa husema *sto male*, na neno hilo atalihitaji mbele ya daktari mapema kuliko sarufi yoyote. Kwa hiyo ndugu anayeanza A1 asisome kimya. Asome kwa sauti, kila siku, *mare, male, mare, male*, mpaka sikio lizitenganishe kabla ya ulimi.