Mipira ya Pool Inahitaji Kuogeshwa

Kiangazi kikipamba moto Kigoma mjini na vumbi jekundu likitua kila mahali, mpira mweupe wa pool haubaki mweupe kwa muda mrefu. Juu ya vumbi hilo huongezeka chaki ya buluu inayopakwa kwenye ncha ya fimbo, kisha mafuta ya mikono. Na mahali ambapo migebuka na dagaa hupikwa kwa mawese, mafuta hayo si haba. Wachezaji hulaumu meza kwamba imelala upande, au kitambaa kwamba kimechoka. Mipira yenyewe haikumbukwi.

Mipira miwili safi ikigongana huteleza na kuachana papo hapo. Ikiwa michafu, hushikana kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni, lakini mpira uliopigwa hutoka nje ya mstari na kukosa shimo. Chaki nayo si unga laini kama inavyodhaniwa. Ina silika na oksidi ya alumini, vitu vinavyotumika pia kutengeneza msasa, kwa hiyo mpira wenye chaki humkwaruza mwenziwe na kukisugua kitambaa hadi kitoboke.

Ujiji, jirani na Kigoma mjini, inaujua mchezo huu kwa upande wenye uchungu. Katika karne ya 19, miongo kadhaa kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914, pembe za ndovu kutoka Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika zilivushwa hadi Ujiji, zikabebwa na wapagazi kupitia Tabora hadi Bagamoyo, na mwisho zikafika Zanzibar. Huko zilipakiwa melini kwenda India, Ulaya na Marekani, zikageuzwa bangili, vitana, vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi. Pembe moja ilitoa mipira michache tu, kwa kuwa kila mpira ulipaswa kuchongwa ili mshipa wa ndani ya pembe upite katikati yake. Vijiji vya Manyema vilichomwa na watu wakatekwa katika biashara hiyo hiyo. Ndovu hawakuwa wahanga pekee.

Na mipira iliyopatikana kwa gharama hiyo ilikuwa migumu kutunza. Pembe ni jino: hunyonya unyevu na kuutoa, tena husinyaa zaidi upande mmoja kuliko mwingine, hivyo mpira wa mviringo ukaanza kufanana na yai. Ilibidi pembe ikaushwe taratibu, mipira ikingwe na mabadiliko ya ghafla ya joto isipasuke, na ikipoteza umbo irudishwe kwa mchongaji. Kuilowesha majini ilikuwa kuiua.

Pembe zilipozidi kuwa ghali, katika miaka ya 1860 kampuni ya Phelan & Collender ya New York iliahidi dola 10,000 kwa atakayevumbua mbadala. John Wesley Hyatt akaanza majaribio yaliyozaa seluloidi, na mwaka 1907 Leo Baekeland akaunda bakelaiti, plastiki ya kwanza iliyotengenezwa kikamilifu na binadamu. Mipira bora ya leo, kama ile ya Aramith inayotengenezwa Ubelgiji, ni ya resini ya fenoli, ndugu wa bakelaiti.

Resini hiyo haiogopi maji. Beseni la maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na kitambaa laini vinatosha. Kila mpira usuguliwe, usuuzwe, kisha ufutwe mara moja. Maji ya ziwa yana madini, na yakikaukia juu ya mpira huweza kuacha utando. Jiki, petroli, tina na steelwire viwekwe mbali kabisa, maana hula ung'avu, na uso uliopoteza ung'avu hushika uchafu upesi zaidi. Meza ya baa inayochezwa kutwa inastahili kazi hii kila wiki, na kitambaa chake kipigwe brashi siku hiyo hiyo, la sivyo mipira itarudi kwenye vumbi lile lile.

Wakati wa kufuta ndio wa kukagua. Mpira uliomeguka utachana kitambaa, hivyo uondolewe. Mpira mweupe, unaopigwa katika kila zamu, huchakaa kuliko yote. Kwenye meza ambayo mipira yote ilianza na ukubwa mmoja, uwekwe katikati ya mingine miwili na rula ilazwe juu ya yote mitatu: mwanga ukipenya kati ya rula na mpira mweupe, umeshapungua, na ni huo peke yake unaohitaji kununuliwa mpya.