Kukokota si Nguvu Peke Yake

Kila mwaka mvua za masika hutukumbusha maana ya neno tulitumialo bila ya kulifikiri: kukokota. Ngalawa haipandi pwani, gari la ng'ombe halifiki sokoni, wala trekta halilimi bonde la mpunga, pasipo kimoja kuvuta na kingine kuvutwa.

Neno lenyewe lina ukoo mpana. Trekta tumelipokea kutoka Ulaya, na asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuvuta. Waarabu husema jarra, na kila aliyetoka chuoni akaendelea na nahau anaijua jarri. Nahodha anapoamuru jarari ivutwe ili foromali ipande, sikio la mwanachuoni husikia humo jamaa ya neno lilo hilo. Hospitalini nako, aliyevunjika paja huweza kufungwa mguuni kamba ipitayo kwenye kapi na kuning'inizwa uzito, ili mfupa ukae sawa. Mvuto huo ni wa taratibu, lakini haukatiki. Ndiyo sababu unafaa.

Hata hivyo, nguvu peke yake haikokoti. Injini kazi yake ni kuzungusha gurudumu. Kinachosogeza gari ni msuguano baina ya tairi na ardhi. Tairi lililokwisha meno huteleza juu ya barabara iliyotota, kwa kuwa maji hayana njia ya kutokea. Hapo breki nayo haifai kitu, maana kusimama kwahitaji mshiko ule ule wa kuondokea. Wenye magari ya abiria hawana budi kulikumbuka hilo kabla ya mawingu kutanda.

Masika moja, mimi na wenzangu tulikuwa njiani kwenda shamba kuwahimiza wananchi juu ya kazi za kujitolea. Gari likakwama topeni. Tulibaki vitini, tukimwamuru dereva akanyage mafuta. Magurudumu yakazunguka, tope likaruka, na gari likazidi kuzama. Mzee mmoja mwenye gari la ng'ombe akatwambia kwa upole, "Wanangu, shukeni kwanza." Akatandika makumbi ya nazi mbele ya magurudumu, vijana wakasukuma, dereva akaondoka polepole. Tulifika tumechelewa, na ile hotuba ya kuhimiza watu niliyokuwa nimeiandika sikuthubutu kuisoma.

Maagizo ya ofisini ni mfano wa injini ile. Yana nguvu, na nguvu hiyo ni ya lazima. Lakini agizo lisilogusa hali ya mkulima na mvuvi huzunguka pale pale, na kila likirudiwa huchimba shimo zaidi. Ndugu viongozi, kabla ya kuongeza mafuta, yatupasa tushuke garini, tutazame gurudumu limeshika nini, na tumsikilize anayeijua njia.